Marahaba Iliyoziba Redio

Siku ya ajali ile tulikuwa watu saba. Angani, kwenye ndege iliyokuwa inakuja kutua, alikuwemo Kapteni Mushi, na nyuma yake walikaa Sista Yustina wa misheni na Mwalimu Banzi wa sekondari. Kwenye helikopta alikuwemo Kapteni Amani, na pembeni yake Kessy, fundi wa umeme. Chini alikuwepo Shomari wa mafuta. Wa saba ni mimi, Perpetua, niliyekuwa chumba cha redio. Nawataja wote kwa sababu ripoti iliyoandikwa baadaye inawataja marubani wawili tu, na msomaji anaweza kudhani chini hapakuwa na mtu.

Ninyi wawili mliopokea chumba hicho mmeniuliza zaidi ya mara moja kuhusu kibao kilicho juu ya dirisha, chenye maneno SALAMU BAADA YA KUTUA. Nilikuwa nawajibu kwamba ni utaratibu tu. Sasa nimestaafu na nina muda, nitawajibu vizuri. Vyeo sina vya kusimulia. Mshahara ulikuwa mshahara. Nitaanza na siku ya kwanza, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilisema uongo.

Baba alifariki nikiwa darasa la tano, na mama akamfuata mwaka uliofuata. Tulikuwa wanne, mimi wa kwanza, na wa mwisho alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kwetu ni juu ya Mlali, mashamba ya mteremko, na kwa desturi yetu Waluguru watoto ni wa upande wa mama, kwa hiyo mjomba alikuja kutugawa kwa ndugu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wake saba. Nilimwambia hatugawanyiki, na alipouliza nitawalisha nini nikasema nitafanya kazi. Nilikuwa darasa la sita. Sikurudi tena shuleni, hata daftari langu la hesabu lilibaki kwa mwalimu.

Kazi niliyopata ilikuwa kufyeka nyasi kwenye uwanja mdogo wa ndege wa lililokuwa shamba la mkonge, pale chini ya mlima. Mkonge ulishakufa lakini uwanja ulibaki, njia moja ya changarawe na nyasi, na mitiki kwenye ncha yake ya mashariki. Siku ya kwanza nilipewa kwanja na kuambiwa nisimame ndege ikija. Sikuambiwa nisimame wapi. Ndege ya kwanza ilipotokea juu ya mitiki nilisimama palepale nilipokuwa, katikati ya njia, na kwanja begani kama askari. Ilipita juu yangu, ikazunguka, na mtu mmoja akatoka kwenye karakana akinijia taratibu huku akifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

Huyo ndiye Fundi Ramji. Alikuwa Mhindi wa mjini Morogoro, duka la baba yake lilikuwa la vitambaa, lakini yeye alipenda injini. Nilidhani atanifukuza. Aliniuliza kama nimekula. Kisha akanionyesha mstari wa mawe meupe na kusema, ndege ikija wewe uko nyuma ya mawe haya, na mbuzi pia. Kwa miaka mitatu kazi yangu ilikuwa hiyo: nyasi, mbuzi, na soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa juu ya nguzo unaomwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Soksi ikichanika niliishona mwenyewe kwa uzi wa gunia. Mbuzi wa uwanja ule walikuwa wakaidi kuliko mbuzi wote niliowahi kuwajua, na mimi nimekulia Mlali.

Redio ilikuwa juu ya meza ya Ramji karakanani. Uwanja wetu, kama mnavyojua, hauna mwongoza ndege. Hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia rubani tua au usitue. Marubani wenyewe hutangaza kwenye masafa mamoja walipo na wanachotaka kufanya, na mtu wa chini huwaambia upepo ulivyo na nani mwingine yuko karibu. Ramji alikuwa akifanya kazi hiyo huku kichwa kiko ndani ya injini, na mara nyingine alijibu amechelewa. Siku moja alinyoosha spana kunielekeza kwenye redio akasema, "Perpetua, wewe una masikio ya bure."

Alinifundisha maneno ya Kiingereza kama kumi na matano, hayo tu, na maswali manne: ni nani, yuko wapi, yuko juu kiasi gani, anataka nini. Alisema mengine yote ni mapambo. Halafu akafanya jambo ambalo nataka na ninyi mlifanye kwa kila atakayekuja baada yenu. Aliweka redio mbili mezani na ya tatu kwenye kiti, mimi nikashika moja na yeye moja. Akaniambia nibonyeze kitufe na kuhesabu. Na yeye akabonyeza akahesabu. Ile ya tatu ikatoa mluzi mkali, wala haikutoa hesabu yangu wala yake.

Akaniuliza kama nimemsikia. Nikasema hapana.

"Ukibonyeza wewe ni kiziwi," akasema. "Na wengine wote umewafanya viziwi. Kwa hiyo bonyeza, sema, achia. Hewa si sebule."

Nililielewa siku hiyohiyo. Nataka mjue kwamba nililielewa.

Ramji alipozeeka nilihamishiwa kwenye chumba chenu hicho, cha matofali, chenye dirisha linalotazama njia. Marubani wakaanza kuniita Mama Mnara, kwa utani, maana mnara wenyewe ulikuwa na urefu wa mlango. Wadogo zangu walikuwa wameshasoma wote watatu. Mmoja ni muuguzi, mmoja fundi seremala, na yule wa mgongoni anafundisha hesabu. Mimi nilibaki na darasa langu la sita na maneno yangu kumi na matano, ambayo kwa wakati huo yalikuwa yamefika labda arobaini.

Helikopta zilianza kuja nyingi miaka ya karibuni, na hapo ndipo wasiwasi ulipoingia kazini. Ndege ni kama mto, ina njia yake. Inazunguka uwanja kwa upande mmoja, inapinda, inashuka juu ya mitiki, na ukishajua upepo unajua itatokea wapi. Helikopta haina njia. Inainuka ilipoegeshwa, inakwenda kinyumenyume ikitaka, inavuka popote. Rubani wa ndege ndogo za kwetu ana bawa juu ya kichwa, akipinda haoni upande anaopindia vizuri. Rubani wa helikopta haoni nyuma. Tena mapanga ya helikopta yanasukuma upepo chini kwa nguvu, na ndege ndogo ikiingia kwenye upepo huo karibu na ardhi, inapinduliwa kama kipepeo.

Kisha kuna mlima. Kufika saa nne asubuhi, mawingu huwa yameanza kukaa juu ya Uluguru, kwa hiyo mwenye helikopta anayepeleka vifaa vijiji vya juu anataka kuondoka kabla hajafungiwa njia. Mwenye ndege naye anataka kutua kabla upepo wa mchana haujaanza kurusharusha. Wote wawili wana haraka saa ileile. Ramji angali hai aliwahi kuniambia kwamba siku moja watakutana. Alisema hivyo kama mtu anayesoma ratiba ya treni.

Tulikubaliana taratibu. Helikopta zinaegeshwa upande wa kusini, wa mlima. Zikitaka kuvuka njia kwenda kaskazini kwenye ghala la vifaa, zivuke katikati, zitangaze kwanza, ziangalie pande zote. Na mtu wa redio, akiona mapanga yameanza kuzunguka, amwambie rubani mara moja kama kuna ndege inayokuja, maana redio ya helikopta huwa haijawashwa kabla ya injini na rubani hajui kilichosemwa dakika mbili zilizopita. Hilo la mwisho lilikuwa langu. Niliandika mwenyewe kwenye karatasi na kuibandika juu ya redio.

Sasa kuhusu salamu. Sijui ilianza na nani, lakini nakumbuka mara ya kwanza. Rubani mmoja kijana alitangaza alipo, akapewa upepo, kisha akasema, "Shikamoo, Mama Mnara." Mtu mwenye mistari ya dhahabu begani, aliyesoma ng'ambo, ananipa shikamoo mbele ya kila mwenye redio kuanzia hapa mpaka Ngerengere. Nikabonyeza nikasema marahaba. Baada ya mwezi walikuwa wanasalimia wote. Nami nilikuwa nawauliza hali zao, na wazazi, na safari. Kazi tuliifanya kwa Kiingereza cha kuokoteza, na salamu tulizifanya kwa Kiswahili chetu, na ndizo dakika pekee kwa siku ambazo nilizungumza kwenye redio ile nikiwa mtu mzima. Ramji alikuwa ameshakufa. Hapakuwa na wa kuniambia habari za sebule.

Kapteni Mushi alikuwa hodari wa salamu kuliko wote. Mchaga mcheshi, amelelewa vizuri, hawezi kupita mtu mzima bila kumwamkia. Wiki ya ajali mkewe alikuwa amejifungua.

Asubuhi ya siku yenyewe ilikuwa shwari. Helikopta ya Kapteni Amani ilikuwa kusini, inangoja kwenda kuchukua nyaya za umeme ghalani. Amani alikuwa kijana wa Mkuyuni, mwaka wake wa kwanza kuendesha peke yake, mpole, mtu wa kutangaza kila kitu hata kile ambacho si lazima. Shomari alimtania kwamba siku moja atatangaza anakwenda msalani.

Mushi alitangaza kwamba yuko upande wa Ngerengere anakuja kutua. Nikampa upepo. Injini ya Amani ilikuwa bado imezimwa. Muda mfupi baadaye Mushi akatangaza amepinda mara ya mwisho, anashuka. Na akaongeza, "Shikamoo, Mama Mnara."

Nikainua macho. Mapanga ya helikopta yalikuwa yameanza kuzunguka. Nilimwona Kessy akifunga mlango upande wake. Niliiona na karatasi yangu mwenyewe, iko mbele ya pua. Nilichofikiri kilikuwa hiki, neno kwa neno: nimalize kwanza salamu, halafu nimwambie Amani. Kwetu salamu haikatwi katikati. Mtu akikuamkia ukageuka kuongea na mwingine, umemtukana.

Nikabonyeza. "Marahaba, baba, hujambo? Hongera sana. Mama hajambo? Na mtoto ananyonya vizuri?"

Semeni maneno hayo kwa sauti, taratibu, kama mzee anavyoyasema. Ndio muda niliokuwa kiziwi.

Nilipoachia kitufe nilisikia sauti ya Amani, mwisho wake tu. "...navuka sasa."

Nilibonyeza tena nikapiga kelele, "Amani, ndege!" Hilo nalo lilikuwa kosa, maana kijana mtiifu akiitwa husimama. Alisimama angani, juu ya njia, katikati kabisa, akitafuta ndege iko wapi. Mushi akatokea juu ya mitiki. Alimwona Amani yeye mwenyewe akiwa ameshakaribia ardhi. Akavuta, akapinda kulia, akapita pembeni yake, na upepo wa mapanga ukaliangusha bawa lake la kushoto. Ndege iligonga ardhi kwa gurudumu moja, ikaruka, ikagonga tena, gurudumu la mbele likakatika, pangaboi la puani likachimba changarawe. Kisha vumbi. Sikuweza kuona chochote dirishani, na redio ilikuwa kimya, na nilikuwa bado nimeshika maiki.

Shomari alikimbia na mtungi wa kuzimia moto. Moto haukuwaka. Sista Yustina alishuka mwenyewe, akarekebisha kitambaa chake cha kichwa, akarudi kumsaidia Mwalimu Banzi ambaye mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Mushi alitoka wa mwisho, akakaa kwenye nyasi. Amani alitua upande wa kusini, pale alipotoka, akazima injini akabaki ndani muda mrefu. Kessy ndiye aliyekuja kuniambia kwamba kijana anatapika.

Wakaguzi walikuja wawili, watu wa heshima, wakatuhoji mmojammoja. Uwanja wetu hauna chombo cha kurekodi redio. Kessy hakuwa amevaa visikilizio. Shomari alikuwa kwenye pampu, na alipotoka kuhojiwa aliniambia amesema hakusikia kitu. Kisha alinitazama, akainamia viatu vyake. Shomari alikuwa ananisikia kupitia dirisha kila siku. Hakunitaja kwa sababu ananiita mama.

Swali walilonitaka nilijibu lilikuwa moja. Je, helikopta ilitangaza kabla ya kuvuka?

Nikasema, "Sikusikia."

Nimelifikiria neno hilo kwa miaka miwili na nusu. Ningeweza kuwaambia kwamba nilikuwa naogopa njaa, na ninyi mngenihurumia, lakini wadogo zangu walikuwa wananilisha mimi kwa wakati huo, siyo mimi wao. Nilichoogopa ni sentensi moja ambayo nilikuwa naisikia kichwani tangu nilipokabidhiwa maiki. Kwamba watu watasema, mnaona, mlimweka mtu wa darasa la sita kwenye redio. Nilikuwa nimeizuia sentensi hiyo miaka arobaini kwa kutokosea. Niliposikia inakuja, nilimsukumia Amani.

Mushi naye alisema hakusikia. Ikawa neno la kijana mmoja dhidi ya watu wazima wawili. Ripoti ikaandika kwamba helikopta ilivuka bila kutangaza. Leseni ya Amani ikasimamishwa, na kampuni iliyomwajiri haikumngoja.

Nilifanya kazi miaka miwili zaidi. Wiki ya kwanza tu nilichora kile kibao, nikawaambia marubani salamu tutapeana wakishashuka. Wengine waliona nimepandisha mabega. Mmoja alimwambia Shomari kwamba Mama Mnara siku hizi ana maringo. Kila walipokuja dirishani kuniamkia niliitikia kwa neno moja tu. Nilianza kutazama mapanga kabla ya kugusa chochote. Nilikuwa naamka usingizini mkono umekunjwa kama umeshika kitu. Siku za mawingu, helikopta mbili zikiwa chini na ndege moja ikiwa mitikini, nilihesabu kwa sauti kila aliyekuwepo, kama mtu anayehesabu watoto kwenye mto. Mlinifahamu wakati huo, mkadhani ndiyo tabia yangu. Mmoja wenu alinisifu kwa umakini. Ulikuwa ni woga.

Nilipostaafu niliagwa kwa soda na keki. Mushi alitoa hotuba akasema katika miaka yote sijawahi kukosea. Wiki iliyofuata nilikwenda Mkuyuni.

Sikupata taabu kumpata. Nyumba ya mama yake iko karibu na soko, na Amani alikuwa nje anapakia ndizi kwenye pikapu. Anazitoa Matombo anazipeleka mjini. Mama yake alinikaribisha kwa furaha, akaleta uji, akasema kijana amekuwa akinisifu kwake tangu zamani, kwamba pale uwanjani kuna mama mmoja mlezi. Nilikunywa uji ule wote. 

Nilimfuata Amani kwenye gari. Alikuwa anafunga turubai.

"Shikamoo, Mama Mnara."

Ilibidi niitikie. Kisha nikamwambia nimekuja kwa ajili ya siku ile.

"Siku ile naijua, mama."

"Hujaijua yote. Nilikusikia. Mwisho wa maneno yako niliusikia, ulisema unavuka."

Alikaza kamba, akaifunga, akalipiga kofi turubai kama mtu anayempiga ng'ombe atembee. "Na mimi nilisikia mwisho wa maneno yako," akasema. "Nilitangaza, na nilipoachia kitufe nilisikia, 'mtoto ananyonya vizuri?' Nikabonyeza tena nikamalizia kwamba navuka sasa. Niliwaambia wakaguzi. Walicheka. Wakasema Mama Mnara ana miaka arobaini pale, hawezi kumuuliza rubani anayetua habari za kunyonya."

"Ulijua wakati wote."

"Nilijua."

"Mbona hukuja kwangu?"

"Nije niseme nini? Kwamba wewe mwongo?" Alitabasamu kidogo, bila furaha. "Mama yangu angenichapa, ukubwa huu huu."

Nikamwambia pole. Akasema pole anazo za kujaza gari, na zote hazijamrudisha angani. Nikamuuliza basi nifanye nini. Nilidhani atasema niende, anisamehe, yaishe, kama watu wanavyosema. Hakusema hivyo.

"Andika," akasema. "Kwa mkono wako na jina lako. Peleka mwenyewe, usimtume mtu. Na wakikuita, useme mbele ya Kapteni Mushi, ili asiseme baadaye nilikununua." Akapanda kwenye gari, akashusha kioo. "Sikufukuzi, mama. Lakini usije tena kabla hujafanya hilo. Bi mkubwa ataanza kuuliza."

Barua ilinichukua siku tisa. Mdogo wangu mwalimu alitaka kuiandika upya kwa kompyuta na kunyoosha maneno. Nilikataa. Nilitaka waione ilivyo, na herufi zangu za darasa la sita, na walipokuwa wakisoma wajue ni mtu wa namna gani walimwamini. Niliandika kwamba helikopta ilitangaza. Niliandika kwamba kazi ya kumwonya ilikuwa yangu, kwamba niliona mapanga yakizunguka nikachagua kumaliza salamu. Niliandika swali langu kuhusu mtoto kama lilivyokuwa. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote kuandika.

Niliipeleka Dar es Salaam mwenyewe. Ofisa aliyeipokea aliisoma amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Akaniuliza kama najua kwamba kutoa maelezo ya uongo kwa wakaguzi ni kosa, na kwamba umri hautanisaidia. Nikasema najua. Akaniuliza kama ninaweza kurudia hayo mbele ya wote. Nikasema ndiyo, na sauti yangu ilikuwa ndogo mpaka akaniomba niseme tena. Akasema faili litafunguliwa, nitaitwa.

Niliona si haki Kapteni Mushi alisikie kwa wengine, nikampigia simu. Aliniamkia, nikaitikia, nikamweleza. Nilisikia mtoto akiongea nyuma yake, ameshakuwa mkubwa.

"Mama," akasema, "wakati unaongea nilisikia mluzi juu ya sauti yako."

Mluzi maana yake kuna mwingine aliyebonyeza. Kila rubani anajua hilo.

"Na hukusema?"

"Hawakuniuliza habari za mluzi. Waliuliza kama nilisikia helikopta." Akashusha pumzi. "Mimi ndiye niliyekuanza na shikamoo, mama, nikiwa ninashuka. Ningesema mluzi, wangeuliza tulikuwa tunaongea nini. Hivi haiwezekani tukaliacha? Nitamtafutia kijana kazi. Naapa, nitamtafutia kazi nzuri."

Nilimwambia kwamba Amani anayo kazi. Anachotaka ni jina lake. Mushi akasema atafikiri. Mpaka leo sijui alichofikiri, na siku tukiitwa sijui kama atasema habari za mluzi au ataniacha niseme peke yangu, bibi mmoja aliyestaafu aliyewahi kusema hivi na sasa anasema vile. Wanaweza wasiniamini. Nilipokuwa mwongo waliniamini kwa urahisi sana.

Kwa hiyo mmejibiwa. Kibao msikiondoe. Mapanga yakizunguka, mwambieni rubani kwanza, hata kama anayewaamkia angani ni askofu. Na mkikosea, semeni siku hiyohiyo kabla wino haujakauka, kwa sababu baada ya hapo mtu mwingine anaanza kuishi ndani ya kosa lenu.

Wito bado haujafika. Ni wiki ya sita sasa. Kila gari likisimama barabarani natoka kuangalia, na simu nalala nayo. Mdogo wangu aliniuliza juzi kama moyo umetulia kwa kuwa nimeshasema. Nilimwambia kwamba Jumamosi niliiona pikapu ya Amani ikipita kwenda mjini na ndizi. Alinipungia mkono, lakini hakusimama.